Michezo ya kuzoeza kumbukumbu ya macho: inamsaidia mwanafunzi kunakili ubaoni?

Mwalimu_Wete
Asalaam alaykum. Nasomesha darasa la nne. Baadhi ya wanafunzi wakinakili huinua kichwa kila neno, na wakirudi daftarini wameshapotea mstari. Natafuta michezo ya dakika kumi ya kuzoeza kumbukumbu ya macho, isiyohitaji simu wala umeme. Inachezwaje, na itawafaa kwenye kunakili?

Mtu_wa_Chake
Waalaykum salaam mwalimu. Anza na mchezo wa kugusa kwa mfuatano, unaotokana na kipimo cha kumbukumbu cha mtafiti Corsi cha mwaka 1972. Bandika vifuniko 9 vya soda kwenye kadibodi, ovyo ovyo. Visikae kwa safu, maana mtoto atavipa namba akariri kwa maneno, na hapo unazoeza ulimi, si macho. Gusa kimoja kwa sekunde, naye arudie kwa mfuatano ule ule. Anza na 3. Kila urefu mpe mara mbili: akipata hata moja, ongeza kifuniko, akikosa zote, simama. Mifuatano iandike kabla, ukibuni papo hapo utaisahau wewe mwenyewe. Watu wazima wengi huishia 5 au 6, kwa hiyo mtoto akikwama 4 usimwone mzito.

Bi_Mkoani
Kuna na wa rangi. Weka vipande 3 vya karatasi za rangi mbalimbali, waangalie sekunde mbili, funika kwa kanga, badilisha kimoja, funua: kipi kimebadilika? Muda wote wanong'one "moja mbili, moja mbili" ili wasitaje rangi kimoyomoyo. Usikimbilie vipande 8. Watafiti Luck na Vogel walionyesha mwaka 1997 kuwa hata mtu mzima hushika kama 4 tu. Zaidi ya hapo ni kubahatisha.

Ngambo_Saikolojia
Mwalimu, swali lako la pili ndilo zito. Watafiti Melby-Lervåg na Hulme walikusanya tafiti nyingi za mazoezi ya kumbukumbu mwaka 2013: anayezoezwa hupanda kwenye mchezo wenyewe na inayofanana nao, lakini kusoma na hesabu hazipandi nao. Chezeni kwa kuchangamsha darasa, ila msitegemee daftari libadilike kwa hilo.

Kwanza pima jambo moja rahisi. Maandishi yale yale mwekee kwenye karatasi juu ya dawati. Akinakili vizuri hapo na ubaoni hawezi, shaka ya kwanza ni macho: msogeze mbele, na mzazi ampeleke akapimwe. Akipotea hata kwenye karatasi, mfunze kusoma maneno matatu yenye maana pamoja ("mvua za masika"), kuyatamka, kuyaandika bila kuangalia, ndipo ainue kichwa. Ubaoni anza kila mstari kwa namba ya chaki ya rangi, macho yapate pa kurudi. Na futa ya zamani! Ubao uliojaa humpoteza hata mwenye kumbukumbu nzuri.

Mwalimu_Wete
Ahsanteni sana. Karatasi moja wakae wawili wawili?

Ngambo_Saikolojia
Hapana, kila mmoja yake. Wawili wakishirikiana mmoja husoma, mwenzake huandika anachosikia, na kipimo kinaharibika.