MRI ya titi kabla ya upasuaji: inabadilisha chochote?

Kisu_Kidogo: Wakuu, mgonjwa ana miaka 46, titi la kushoto, biopsi (kinyama kilichopimwa maabara) imetoa saratani ya lobula, yaani vitezi vya maziwa. Mamogramu inapima sm 1.8, ultrasaundi sm 2.1, lakini ukipapasa unapata karibu sm 4. Tishu za titi ni nzito, zimeshonana. Mpango ni kutoa uvimbe na kubakiza titi. MRI (picha za mashine ya sumaku) itasaidia, au ni kumwongezea gharama?

Msoma_Picha: Kwa lobula, ifanye. Seli zake huwa zimepoteza E-kadherini, protini inayozishikiza pamoja, kwa hiyo hutambaa mojamoja kwa mstari bila kufanya donge. Ndiyo maana mamogramu inapunja ukubwa na mkono wako unapata zaidi. Ingekuwa saratani ya mifereji ya maziwa, donge moja, vipimo vyote vinakubaliana, nisingeisukuma. Utafiti wa COMICE wa Uingereza (2010, wanawake 1,623) ulikuta waliorudishwa mezani kupasuliwa tena ni kama 19%, sawa kwa waliopigwa MRI na wasiopigwa.

Koili: Upande wa mashine: alale kifudifudi, matiti yaning'inie ndani ya koili (kifaa kinachopokea mawimbi ya picha). Ngozi ikijikunja ukingoni, uzimaji wa mafuta (kuyafanya yawe meusi pichani) hufeli palepale, na mafuta yakiwaka yanafanana na ugonjwa. Gadoliniamu, dawa ya mshipani inayong'arisha uvimbe pichani, 0.1 mmol kwa kilo ya uzito, ml 2 kwa sekunde, kisha ml 20 za maji ya chumvi. Seti moja ya picha kabla ya dawa, halafu mfululizo, kila seti isizidi sekunde 90 au hivi. Akijisogeza hata milimita chache, picha ya tofauti (ya baada ya dawa ukitoa ya kabla) hutoa kingo nyeupe za uongo. Angalia figo kwanza, kwa sababu ya hiyo dawa. Siku ya 7 hadi 14 ya mzunguko wa hedhi ndiyo nzuri, ila saratani ikishathibitishwa usimcheleweshe kwa ajili ya kalenda.

Kisu_Kidogo: MRI ikionyesha doa la pili sehemu nyingine ya titi?

Msoma_Picha: Usilitolee titi zima kwa picha peke yake, mkuu; madoa ya uongo ni mengi. Rudia ultrasaundi ukililenga, chukua kinyama. Lisipoonekana, biopsi iongozwe na MRI na klipu (alama ndogo ya chuma) iachwe humo. Usibebe sentimita za MRI hadi mezani: kule alilala kifudifudi, kwako atalala chali, na doa litakuwa limehama. Waya uliochomekwa hadi kwenye doa, au klipu, ndiyo dira. Halafu mamogramu usiiweke kando, maana chembe za chokaa MRI haizioni.