Bakteria sugu na wanyamapori: tuwazibie njia au tunawasingizia?

Mleta mada:
Wakuu, mwaka 2006 watu wapatao 200 Marekani waliugua baada ya kula spinachi mbichi kutoka California iliyokuwa na E. coli O157:H7, aina hatari ya bakteria wa utumbo. Kimelea hicho kikakutwa kwenye kinyesi cha ng'ombe na cha nguruwe mwitu jirani na mashamba. Basi wanunuzi wakubwa wakawabana wakulima: fyekeni vichaka, wanyama wasikaribie.

Mimi naona hiyo ilikuwa pupa. E. coli si kitu kimoja. Bakteria mmoja ana jeni kama 5,000, lakini zile ambazo kila E. coli anazo hazifiki hata nusu ya hizo. Zinazobaki hutofautiana kati ya ukoo na ukoo, na humo ndimo sumu na usugu wa dawa hujificha. Anayepima kinyesi cha swala akaandika "E. coli ipo" hajatuambia kitu, kwa wanyama wanyonyeshao ni mkazi wa kawaida, na mara nyingi hana madhara.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, mgonjwa ambaye figo zimegoma kwa sumu ya hiyo O157 hana haja na koo za bakteria. Mwaka 2011 kule Oregon stroberi zilichafuliwa na kinyesi cha kulungu, mtu akafa. Kulungu yule tumwache apite?

Mleta mada:
Asipite. Mazao yanayoliwa mabichi yawekewe uzio, hilo sibishi. Nabisha kufyeka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu mashamba ya California hiyohiyo haukuona kwamba kufyeka kulipunguza vimelea.

Mchangiaji wa pili:
Mbona usugu mmeuruka? Jeni ya mcr-1, inayomwezesha bakteria kuishinda antibiotiki ya kolistini, iliripotiwa China mwaka 2015 kwa nguruwe wa kufugwa, nyama na wagonjwa. Baadaye ikaonekana hata kwa shakwe. Shakwe hajawahi kuingia duka la dawa! Anakula majalalani na kwenye maji taka yetu, halafu anaruka nayo mbali.

Mchangiaji wa tatu:
Taratibu. Mwaka 2011 wanasayansi walieleza jeni za usugu walizozikuta kwenye udongo wa Kanada ulioganda kwa miaka 30,000. Nazo tulizileta sisi?

Mchangiaji wa pili:
Jeni kuwepo ni jambo moja. Kupanda kwenye plasmidi, yaani kile kipande cha DNA ambacho bakteria hupeana, kisha kusambaa kwa sababu dawa inawaua wasio nacho, ni jambo jingine. China ilikataza kolistini ya kunenepesha mifugo mwaka 2017. Wangekuwa wanaamini chanzo ni ndege, wangeanza na ndege.

Mleta mada:
Hapo ndipo ninapotaka tufike. Bila kusoma jenomu nzima, yaani DNA yote, ya bakteria wa mnyama, wa mfugo na wa mgonjwa na kuzilinganisha, nani alimwambukiza nani ni kubahatisha tu. Swali ni nani alipie kazi hiyo.

Mchangiaji wa kwanza:
Aanze anayenunua dawa kwa magunia akiwalisha mifugo isiyoumwa. Serikali ifuate.