Mtaa wa vilima kati ya Goba na Kimara, Dar es Salaam: tuanze na ngazi, bajaji za umeme au lami?

Mkazi_Mgongoni
Salaam wadau. Kamati yetu ya mtaa inaandaa mapendekezo ya usafiri ya kupeleka mkutano mkuu wa mtaa, halafu Kamati ya Maendeleo ya Kata, kabla manispaa haijafunga bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai. Nyumba nyingi ziko mgongoni mwa kilima na barabara ya daladala iko bondeni. Barabara yetu ya udongo inashuka moja kwa moja: mita 600, mwinuko mita 66. Ndani yake kuna kipande cha mita 120 kinachopanda mita 17, na hapo ndipo kila masika bodaboda zinateleza na bajaji zinashusha abiria. Pembeni kuna kichochoro cha mita 300 kinachopanda mita 48, watu wanakitumia kama njia ya mkato. Vipimo tumechukua kwa mpira wa maji, ule mafundi wanaosawazishia msingi.

Wengine wanataka lami yote, wengine daladala ipande, vijana wanataka bajaji za umeme. Fedha haiwezi kutosha yote. Kipi kianze, na tuandike vipimo gani ili mhandisi wa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) asiturudishie karatasi?

MpimaNjia
Mkuu, mmefanya vizuri kutumia mpira wa maji. Ramani za satelaiti kwenye kipande kifupi chenye miti zinakosea mita kadhaa, na mita kadhaa ndizo zinazoamua ngazi.

Jambo la kwanza kuandika ni dakika. Mita peke yake hazitoshi. Kanuni ya wapanda milima ni kwamba kilomita 5 ni saa moja, kisha unaongeza dakika moja kwa kila mita 10 za kupanda. Barabara yenu ya mita 600 inampa mtu dakika 7 za kutembea na karibu 7 za kupanda, jumla 14. Kichochoro ni dakika 3 na nusu kuongeza 5, yaani 8 na nusu. Mhandisi akiona tofauti hiyo, akaona na idadi ya watu, hatauliza tena kwa nini mnaomba fedha kwa ajili ya kichochoro.

Idadi hiyo mhesabu wenyewe. Watu wawili wakae chini na wawili juu, saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 10 jioni hadi saa 2 usiku, siku mbili za katikati ya wiki na Jumamosi moja. Hesabuni watu, kwa sababu ukihesabu magari, gari lenye mtu mmoja linaonekana sawa na bajaji yenye wanne. Watengeni: waendao kwa miguu, bodaboda, bajaji, gari binafsi, wenye mizigo, wenye watoto mgongoni, wenye fimbo. Rudieni siku moja ya mvua. Tofauti ya siku kavu na siku ya mvua ndiyo hoja yenu kubwa kuliko zote.

Na kabla ya yote hayo: je, kichochoro kimo kwenye mchoro wa urasimishaji, yaani ule wa kupima na kutambua rasmi viwanja na njia za mtaa? Kama hakimo, kiingizwe sasa kwa upana usiopungua mita 3. Njia isiyo kwenye mchoro ikizibwa na ukuta, mtaa hauna cha kushika mkononi.

Zege_na_Maji
Naongezea upande wa barabara, na naomba neno lami liwekwe kando kwanza. Barabara za vilima huku zinauawa na maji. Piga hesabu: mvua ya milimita 50 ndani ya saa moja ikinyesha juu ya barabara ya mita 600 kwa 5 ni mita za ujazo 150, sawa na maboza 15 ya lita 10,000 yakimwagwa kutoka juu. Hapo sijahesabu mabati ya nyumba, na kila ukuta mpya unasukumia maji yake barabarani. Lami nyembamba juu ya mtiririko huo inabanduka kuanzia ukingoni, kwa sababu maji yanakula udongo wa chini na tairi linamalizia.

Mfereji wa udongo kwenye mteremko wa asilimia 11 (mita 66 za kupanda kwa mita 600 za njia) utageuka korongo. Ukiweka vizuizi vya mawe vya sentimita 30, tope litajaa nyuma yake mpaka libaki na mteremko wa asilimia 4 hivi. Kwa hiyo umbali kati ya kizuizi na kizuizi ni 0.30 kugawanya kwa (0.11 kutoa 0.04), yaani mita 4 na kidogo. Pale penye asilimia 14 inabaki mita 3, na hapo ni heri kujengea mfereji wote kwa mawe na saruji. Kalvati za kuvuka barabara ziwe za bomba la sentimita 60. Dogo zaidi ya hapo linaziba kwa mifuko na chupa na mtu hawezi kulisafisha. Mwisho wa kila mfereji uandikwe unamwaga wapi na mwenye eneo asaini. Michoro mingi inaishia hewani hapo, halafu nyumba ya chini ndiyo inayobomoka.

Sasa kipande cha mita 120. Manispaa wanaweza kuwapendekezea mikanda miwili ya zege kwa sababu ni rahisi. Msikubali ikiwa katikati itaachwa udongo. Gurudumu la mbele la bajaji linapita katikati, na katikati ndipo maji yatakapochimba. Ombeni zege zima la upana wa mita 3, unene sentimita 20 kwa sababu malori ya mchanga na maboza yatapita tu hata mkiweka kibao. Hiyo ni mita za ujazo 72. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 andaeni mifuko kama 470 ya saruji, mchanga mita za ujazo 32, kokoto mita za ujazo 65. Chini yake moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa sentimita 15. Kata viungo kila mita 4 hadi 5, la sivyo zege litajichagulia lenyewe pa kupasukia. Uso upigwe ufagio mgumu kwa kukingama, mistari ikielekea mfereji, tairi lipate kushika. Mwagilieni siku 7 bila kuruka hata moja. Mwisho wa chini wa zege uwe na jino la kuingia ardhini sentimita 50, maana maji yanaanzia kula hapo.

Mita 480 zilizobaki zina asilimia 10 hivi. Moramu haikai kwenye mteremko huo bila mifereji. Mkiwa na mifereji itakaa, lakini mpange fedha ya kujazia kila baada ya masika.

Mkazi_Mgongoni
Nashukuru sana, hili la gurudumu la mbele hakuna aliyelitaja kwenye kikao. Kichochoro je, ngazi zenye vipimo gani? Na hizo bajaji za umeme zinapanda kweli?

Ngazi_kwa_Ngazi
Kichochoro chenu ni asilimia 16. Ngazi za kawaida za nyumbani, kimo 15 na kukanyagia 30, ni asilimia 50, kwa hiyo hazikai hapo bila kuchimba sana. Tumieni ngazi ndefu: kimo sentimita 15, kukanyagia sentimita 94. Zinapatikana ngazi 320, kimo chote mita 48. Urefu wa 94 umetokana na hatua ya kawaida ya mtu, sentimita 63, ukijumlisha ngazi moja ya kawaida. Mkiweka 60 au 75 mtu anakanyaga vibaya kila mara na wazee ndio wanaoanguka.

Ila kwa urefu huu mguu uleule unapanda kila ngazi, na goti linachoka. Dawa yake ni kibaraza cha mita 1.6 kila baada ya ngazi 12: ni hatua moja zaidi, miguu inabadilishana. Kila kinapoingia kibaraza, chimbeni kidogo ili mfike juu palepale.

Kila ngazi ilale kidogo upande wa mfereji, sentimita 2 kwa upana wa mita 1.5. Mfereji wa sentimita 30 kwa 30 upite pembeni. Ukipita katikati, usiku mtu anavunjika mguu. Juu kabisa wekeni mfereji wa kukinga, maji ya mtaa yasiingie kwenye ngazi. Bomba la kushikia liwe na kimo cha sentimita 90. Taa ya jua kila mita 25 hadi 30, na moja lazima iwe kwenye kona, maana bila mwanga wanawake wataacha njia hiyo saa moja jioni. Nayo ndiyo saa ya watu kurudi.

Umeme_wa_Magurudumu
Zinapanda, lakini someni kitu sahihi kwenye karatasi ya muuzaji. Bajaji yenye abiria watatu na dereva ni kama kilo 650. Kwenye asilimia 12, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, inahitaji karibu kilowati 3.7 kwenye magurudumu. Ulizeni nguvu ya mota ya kudumu, msiangalie ile ya juu ya sekunde chache. Mota ndogo itapanda asubuhi mara mbili, ya tatu itajikata kwa joto.

Betri si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Kupandisha kilo 650 mita 66 kunakula kama wati-saa 190, pamoja na upotevu. Cha muhimu ni mahali pa kuchajia: pawe chini. Betri iliyojaa ikianzia juu haina nafasi ya kupokea umeme ambao mota inazalisha ikipunguza mwendo wakati wa kushuka, kwa hiyo breki za kawaida zinabeba kazi yote na zinachoka. Vijana wakiwa kwenye kikundi waulizie mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani.

MpimaNjia
Kuhusu daladala kupanda, mimi sikubaliani. Coaster iliyojaa ikisimama kwenye asilimia 11 inaanza upya kwa kuunguza klachi, na mwenye gari ataacha njia hiyo ndani ya miezi michache hata LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) wakimpa leseni. Kama kuna njia inayofuata mgongo wa kilima, ombeni daladala ipite huko, kituo kiwe mahali penye mteremko usiozidi asilimia 5, na kigeuzio cha kipenyo cha mita 18.

Ndugu wa ngazi, kazi nzuri, ila mwenye kiti cha magurudumu hapandi ngazi 320. Ndiyo maana zege la mita 120 na kijiwe cha bajaji juu na chini viingie kwenye ombi lilelile la mwaka wa kwanza pamoja na ngazi. Mpangilio wangu: kichochoro kuingia kwenye mchoro wa urasimishaji, mifereji, zege la mita 120, ngazi na taa. Pale mfereji wenu unapokutana na barabara ya TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa), pateni barua yao kwanza. Bila barua hiyo mkandarasi atasimama pale pale, mita chache kabla ya kumaliza.