Wana wa Bibi Tatu: choya imekuwa wino

*Alhamisi*

Zuhura 20:14
Shikamooni wakubwa. Jamani nimeharibu 🙈 [picha]

Zuhura 20:14
Hiyo ni juisi ya choya, ya majaribio ya shughuli ya Jumamosi. Lita tano. Imetoka rangi ya wino.

Mjomba Athumani 20:16
Marahaba. Tunzeni, tutaandikia orodha ya mahari 😂

Wifi Rehema 20:17
Au umeuziwa ya zamani?

Zuhura 20:18
Hapana wifi, kavu ilikuwa nyekundu ya damu ya mzee. Nimechemshia kwenye lile sufuria kubwa la pilau.

Shangazi Mwanahawa 20:20
Maji umetoa wapi?

Zuhura 20:20
Kisimani, shangazi. Bomba halijatoka tangu juzi.

Shangazi Mwanahawa 20:21
Basi. Maji yale hata sabuni haitoi povu, ndiyo yakubaliane na choya?

Rama 20:23
Shangazi yuko sahihi. Choya ni kama ile karatasi ya litmasi ya maabara. Kwenye asidi inakuwa nyekundu. Kwenye maji yenye magadimagadi inaenda zambarau, buluu, ukizidisha inakuwa kijani kabisa.

Mjomba Athumani 20:24
Ada yangu haikwenda bure.

Wifi Rehema 20:24
Ada ulilipa wewe??

Zuhura 20:25
Sasa nimwage?

Shangazi Mwanahawa 20:25
USIMWAGE. Sukari ile ya bure? Teka jagi moja, kamulia ndimu utuonyeshe.

Zuhura 20:33
Subhanallah [picha] Ndimu tatu tu, imerudi nyekundu mbele ya macho yangu. Ila ukionja ina kitu… kama umelamba kijiko.

Shangazi Mwanahawa 20:35
Hiyo ni sufuria. Ile ni alumini, na choya ni chachu, inaila. Kunyweni ninyi hapo nyumbani, wageni hawapewi. Kesho chukua sufuria langu la stenlesi, na maji ya kunywa yale ya madumu.

Rama 20:41
Bibi amerekodi sauti lakini feni imemfunika, ananiambia niandike. Anasema: choya haipikwi kama maharage. Chemsha maji peke yake na tangawizi iliyopondwa, hiliki, karafuu mbili tatu zisizidi. Epua. Ndiyo umwage choya, funika, robo saa tu. Chuja, tia sukari ingali moto. Mawardi mpaka ipoe kabisa, ukitia ikiwa moto unawanusisha majirani harufu, wageni hawapati kitu.

Rama 20:42
Na anasema kinacholowekwa si ua. Ni yale maganda mekundu yanayobaki yamefunika mbegu ua likishaanguka. Nani alimletea maua ya kwenye ua wa shule mwaka ule?

Mjomba Athumani 20:43
😶

Da Salma (Muscat) 20:50
Asalaam alaykum. Mimi siku hizi hata motoni siweki. Huku ukiomba karkadeh wanakupa choya hiyohiyo. Naloweka kwenye maji baridi, naweka kwenye friji usiku kucha, asubuhi nachuja. Haina ule ukakasi unaokamata ulimi.

Zuhura 20:52
Da Salma kwa watu sitini friji yetu itatosha kweli?

Da Salma (Muscat) 20:53
Loweka nzito kwenye ndoo moja ndogo, siku yenyewe unaongeza maji na barafu. Kwa lita 15 nusu kilo ya choya kavu inatosha.

Wifi Rehema 20:58
Nyie mmeng'ang'ana na nyekundu, bi harusi mtarajiwa amesema rangi zake ni buluu na dhahabu. Nikachukue ile rangi ya unga dukani?

Shangazi Mwanahawa 20:59
Ile ya Idd? Iliyowaacha watoto na midomo ya kijani mpaka Jumatatu? La.

Da Salma (Muscat) 21:03
Buluu mnayo hapo uani. Ule mmea unaotambaa kwenye uzio wa Bibi, maua ya buluu iliyokolea yenye weupe katikati, maganda yake kama ya mbaazi nyembamba. Watu wa Thailand wanayaloweka kwenye maji ya moto, wanatia asali na ndimu.

Mjomba Athumani 21:04
Ule tunaolishia mbuzi???

Da Salma (Muscat) 21:05
Huohuo mjomba. Ila petali tu. Toa kile kikonyo cha kijani, na mbegu na mizizi msiguse, zinaharisha. Wala asije mtu akachuma ua lolote la buluu aliloona njiani.

Wifi Rehema 21:06
Na dhahabu?

Shangazi Mwanahawa 21:08
Zafarani, kama bwana harusi analipa 😄 Au manjano mbichi kidogo sana, mchaichai na asali. Manjano ikizidi inanuka mchuzi.

*Ijumaa*

Rama 07:40
Nimechuma maua 40 kabla mbuzi hawajaamka. Lita moja ya maji ya moto. [picha]

Wifi Rehema 07:42
Mashallah!! Hiyo ni buluu ya kanga mpya.

Zuhura 07:44
Rangi nzuri, ladha hakuna. Maji ya majani. Tumeongeza mchaichai na sukari, sasa inanyweka.

Rama 07:46
Sasa tazameni nikitia ndimu. [video]

Mjomba Athumani 07:48
Imekuwa zambarau! Huyu mtoto mchawi.

Shangazi Mwanahawa 07:50
Basi ndimu isitiwe jikoni. Iwekwe pembeni kwenye kisahani, kila mgeni ajikamulie mwenyewe. Wakwe waone mambo.

Zuhura 07:55
Nilijaribu na ya kijani pia. Nanaa. Nimechemsha imekuwa kahawia kama chai iliyolala 😭

Shangazi Mwanahawa 07:58
Nanaa haichemshwi. Isage mbichi na maji ya barafu, chuja, na ndimu dakika ya mwisho kabisa. Choya inapenda ndimu, kijani inaichukia, ikikaa nayo inachakaa. Lakini achaneni nayo, rangi tatu zinatosha, hatufungui mgahawa.

Wifi Rehema 08:10
Bibi naye anywe ipi? Ana dawa za presha.

Da Salma (Muscat) 08:13
Choya yenyewe inashusha presha, ikikutana na dawa si vizuri mpaka daktari aseme. Na dada yetu mjamzito naye asiinywe, wala hiyo ya buluu. Wawekeeni maji ya mchaichai na tangawizi.

Rama 08:15
Bibi anasema amekunywa choya kabla hamjazaliwa.

Rama 08:15
Anasema pia mchaichai sawa, ila sukari isiwe ya kuhesabu.

Shangazi Mwanahawa 08:31
Zuhura, kile kitambaa changu cheupe cha kufunikia sinia ya halua kiko wapi?

Zuhura 08:33
Shangazi… jana nilichujia ile choya ya ndimu. Kikawa cha waridi.

Shangazi Mwanahawa 08:33
Kikawa?

Zuhura 08:36
Nikakifua na sabuni ya mche. Sasa ni kijani cha buluu hivi [picha]

Mjomba Athumani 08:37
Si mlitaka rangi za bi harusi 😂😂

Rama 08:38
Ni sabuni hiyo, ina magadi. Kichovye kwenye maji ya ndimu.

Zuhura 08:52
Nimechovya. Kimerudi waridi.

Shangazi Mwanahawa 08:54
Waridi si nyeupe, Zuhura.

Mjomba Athumani 08:55
Barafu naleta mimi kesho. Na kitambaa.

Wifi Rehema 08:56
Cheupe, mjomba. Na ulipe wewe.