Chewa wa oveni na sosi ya siagi (kikundi cha majirani)

Mama Salma: Asalaam aleikum majirani. Nina minofu ya chewa kilo 1 na nusu, watu sita, jioni hii. Nataka kuoka kwenye oveni, juu iwe na sosi ya siagi na kotmiri. Nianze na nini?

Bi Zuhura: Waaleikum salaam mwanangu. Anza na kitambaa safi. Ifute mpaka ikauke, ikiingia na maji itatokota tu, haitaokeka. Chumvi vijiko 2 vya chai, robo saa kabla, kisha futa tena maana itatoa maji.

Mama Salma: Na ndimu niikamulie sasa, kukata shombo?

Bi Zuhura: Hapana! Ikikaa na ndimu nusu saa nyama inakuwa nyeupe juu kama imeiva, ukiioka inakauka. Samaki wa leo hana shombo la kukata. Akinuka sana, ndimu haitamwokoa, mrudishe sokoni 😅

Baba Imani: Oveni 200, iwashe dakika 15 kabla. Mnofu wenye unene wa sentimita 2.5 ni dakika 10 hadi 12. Chukua rula dada, usikisie. Ile ncha nyembamba ya mkiani ikunjie chini, la sivyo itakuwa kama karatasi kabla katikati hakujaiva. Paka mafuta kidogo, basi.

Mama Salma: Nitajuaje ameiva?

Baba Imani: Chomeka uma palipo nene, pindua kidogo. Nyama ikiachana na ndani bado inang'aa kidogo, toa, itajimalizia kwa joto lake. Ukiona ute mweupe kama wa yai unatoka pembeni, umepitiliza.

Shangazi Rehema: Wa mkaa je, oveni sina

Bi Zuhura: Sufuria nzito, makaa machache chini, mengi upalie juu ya mfuniko. Chungulia dakika ya 10, usifunue-funue.

Shangazi Rehema: Haya, sosi sasa. Mama Salma, siagi ya maziwa tafadhali, si ile ya kupaka mkate. Gramu 150, iwe ya baridi, ikate vipande vidogo. Kitunguu maji nusu, kikatekate sana, siki nyeupe vijiko 2 vya chakula, maji 3. Chemsha mpaka vibaki kama vijiko 2. Punguza moto kabisa, tia siagi kipande kimoja kimoja ukikoroga, kikiyeyuka ndipo utie kingine. Kotmiri na ndimu baada ya kuipua. Onja kabla ya kutia chumvi, siagi nyingine inayo tayari.

*Saa 1:05 usiku*

Mama Salma: Jamani imejitenga!! Mafuta yanaelea juu

Shangazi Rehema: Moto mkali huo. Siagi ina maji ndani, na maziwa yake ndiyo yanayoyashika na mafuta. Ikichemka vinaachana. Ipua. Sufuria nyingine, kijiko 1 cha maji ya baridi, mimina hiyo sosi kidogo kidogo ukipiga kwa nguvu.

Mama Salma: Imerudi! Nzito, inang'ang'ania kijiko 🙌🏾

Shangazi Rehema: Isirudi jikoni tena. Iweke bakulini, bakuli ndani ya maji ya vuguvugu.

Baba Imani: Na samaki yuko dakika ya ngapi?

Mama Salma: Yalaaa, ya 13 😳