Mapigo ya moyo yanayokuja kwa nadra: Holter ya saa 24 au kibandiko cha siku 14?

Mkulima wa Ahero:
Hamjambo wanajukwaa. Mama yangu ana umri wa miaka 63 na bado analima mpunga. Mara moja au mbili kwa mwezi moyo wake huanza kwenda mbio ghafla, akaishiwa nguvu na kulazimika kuketi kwenye tuta hadi hali itulie. Kila tunapomfikisha Kisumu kupimwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo), moyo huwa umeshatulia na karatasi haionyeshi kasoro yoyote. Daktari ametaja Holter ya saa 24 (kifaa cha kuvaa chenye nyaya kifuani kinachorekodi mapigo) au kibandiko cha kifuani kisichotumia waya cha siku 14. Je, kibandiko kitafanya kazi huku kwetu ambako mtandao hukatika na jua ni kali? Na saa janja haitoshi?

Muuguzi, Nakuru:
Pole kwa kuuguza. ECG ya kawaida hurekodi takriban sekunde 10 tu, kwa hiyo tatizo linalokuja mara moja kwa mwezi huipita kwa urahisi, na hata Holter ya saa 24 ina uwezekano mkubwa wa kulikosa. Mimi ningechagua kibandiko, nikijua kwamba hata siku 14 huenda zisitoshe. Zisipotosha, kuna kifaa kidogo kinachopachikwa chini ya ngozi ya kifua na kurekodi kwa miaka kadhaa. Mama aendelee na kazi zake akiwa amevaa kibandiko, kwa sababu tunataka kuuona moyo wake jinsi ulivyo shambani. Moyo ukianza kwenda mbio, abonyeze kitufe kilicho juu ya kibandiko, kisha aandike saa na alichokuwa akifanya.

Fundi wa vifaa vya tiba, Kisumu:
Kuhusu mtandao, vibandiko vingi huhifadhi rekodi ndani yake, kwa hiyo mtandao ukikatika kinachochelewa ni kutuma tu. Ulizeni mambo mawili kabla ya kulipa: kifaa chenu kinahifadhi chenyewe au kinategemea simu iliyo karibu, na ni nani atakayeisoma rekodi. Watu wengi hudhani kwamba kuna daktari anayetazama mapigo wakati wote, ilhali aina nyingi husomwa baada ya kifaa kurudishwa.

Saa janja nyingi hukisia mapigo kwa kumulika damu kwenye kifundo cha mkono. Katika utafiti wa Stanford uliochapishwa mwaka 2019, wenye washiriki zaidi ya 400,000, watu walioonywa na saa walipewa kibandiko cha ECG baadaye, na kati ya waliokirudisha ni asilimia 34 tu walioonekana na mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo (mapigo yasiyo na mpangilio) wakati huo. Mpapatiko huo huja na kuondoka, kwa hiyo onyo la saa ni sababu ya kwenda kupimwa, wala si jibu.

Mkulima wa Ahero:
Ahsanteni sana. Niliacha jambo moja: utotoni mama aliugua homa iliyomvimbisha viungo.

Muuguzi, Nakuru:
Mwambieni daktari hilo leo hii. Huenda ilikuwa homa ya baridi yabisi, ambayo huweza kuharibu vali (milango) za moyo, na vali iliyoharibika huweza kuleta mpapatiko unaoweza kugandisha damu na kusababisha kiharusi. Ombeni apigwe picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti bila kusubiri siku 14 ziishe. Akizimia, au akibanwa na kifua, mpelekeni hospitali papo hapo, kibandiko kikiwa bado kifuani.