Naomba ushauri: deklanshere ya kable ao ile bila kable kwa foto za usiku?

MutotoWaHimbi
Jambo yenu wakubwa. Niko hapa Goma, napendaka kupiga foto za usiku, sana sana ziwa na zile lampe za wavuvi wa sambaza vile zinajipanga kule mbali, na siku mawingu hakuna napigaka pia ule mwekundu wa volkano. Shida yangu ni moja, foto zinatoka flu, haziko safi. Nikifinya buto na kidole aparei ya foto inatikisika hata kama iko juu ya trepie, ile ya miguu mitatu, asubuhi nikifungua kwa ordinatere naona kila lampe imekuwa mistari. Nimeambiwa nitafute deklanshere, kale kadude ka kufinya ukiwa mbali bila kugusa aparei. Sasa kuko aina mbili, ya kable na ile isiyo na kable. Ya kable ni bei ndogo, ile ingine inapita kidogo lakini naona njo ya kisasa. Nisaidieni nichague gani, nahitaji jibu mbio juu mwezi umeanza kupungua, giza nzuri inakuja, na kuko mtu ananingojea.

TchukuduMbio
Kable. Haina batri ya kukufia katikati ya usiku, na kuran ya umeme hapa kwetu unaijua mwenyewe. Mambo imeisha.

MamaHarusi_Bkv
Mimi niko Bukavu, kazi yangu ni foto za harusi, na nakuambia bila kable. Kuko harusi moja kule Muhumba nilikuwa nimefunga aparei juu ya trepie nipige familia yote ya bwana harusi, kable imening'inia, mtoto akapita mbio anakimbizana na mwenzake, akaibeba na mguu. Aparei, trepie, na meza ya keki vyote chini. Mama wa bwana harusi alilia kuliko siku ya matanga, watu wakaanza kusema ni alama mbaya kwa hiyo ndoa. Sasa hivi wako na watoto watatu lakini mama yule akinikuta sokoni Kadutu bado ananiangalia vibaya. Kable hapana, mudogo wangu.

MuzeeKatindo
Mtoto wangu, naona wote wanakujibu kable, mimi nakuuliza unafanya nini kandokando ya ziwa usiku na aparei? Huu muji wetu mtu akikuona gizani umesimamisha vyuma vitatu na kioo kinaangalia majini, hatakuuliza kama ni sambaza unapiga, atakuita mpelelezi. Sheria ya foto hapa kwetu ilikuwa ngumu tangu zamani, uwanja wa ndege hapana, kambi hapana, mpaka hapana. Na jambo la pili, mazuku. Ukienda pande za Lac Vert ao Bulengo ile hewa mbaya inatoka mu ardhi na inalala chini mu mabonde juu ni nzito kuliko hewa yetu, usiku na asubuhi mbele upepo haujavuma njo inakuwa mingi. Mbuzi inakutwa imekufa, na jioni ilikuwa imesimama vizuri tu. Wewe utapiga magoti nyuma ya trepie uangalie mu kadirisha, utapumua nini? Vijana munapenda vitu vya hatari kisha wazazi njo wanalia.

FundiAparei
Aparei gani?

MutotoWaHimbi
Muzee Katindo aksanti, nimesikia. Lakini mimi sishukaki kwenye maji, napigia juu ya baraza ya yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, kule Himbi, kwa gorofa, ziwa lote linaonekana na hakuna bonde pale. Fundi ni Nikon.

LushiKwetu
Nikon njo muzuri! Mimi niko Lubumbashi, nimepiga ile cheminée ya Gécamines, kampuni ya migodi, na terril usiku, ile mlima mweusi wa masalio ya shaba, mvua ikiwa imetoka kunyesha na lampe zinawaka chini, ndugu zangu hiyo foto hata watu wa Kinshasa waliniomba. Nilitumia kale kadogo ka infraruji, kanafanana telekomande ya televizyo lakini kako na buto moja tu, bei haifiki hata dola 10. Unakaelekeza kwa mbele ya aparei, klak, imeisha. Aparei yangu ni D3200. Kamata ile, usisikilize watu wa kable.

FundiAparei
MutotoWaHimbi, Nikon gani? Namba imeandikwa pale mbele.

MutotoWaHimbi
Ni Nikon ya kawaida wakubwa, ya numeriki, iko na objektifu yake, kile kioo cha mbele, 18-55. Naomba turudi kwa swali, kable ao bila kable, juu LushiKwetu ananiambia infraruji na hiyo sikuiweka mu hesabu. Ile ninayoonyeshwa bila kable iko vipande viwili, moja unashika mkononi, ingine inakaa juu ya aparei, na kwa kartoni imeandikwa kwa Nikon.

TchukuduMbio
"Ninayoonyeshwa" na nani?

FundiAparei
Ndugu nimekuuliza mara mbili na unazunguka. Bila namba hakuna mtu hapa anaweza kukusaidia, wote wanakujibu aparei zao.

MutotoWaHimbi
D3500.

FundiAparei
Sasa tunaongea. D3500 haina tundu la deklanshere. Geuza aparei, fungua kale kafuniko ka mpira pembeni, utaona ya USB na HDMI, basi. Zile Nikon ndogo za mbele yake, D3200, D3300, zilikuwa na tundu la MC-DC2, deklanshere ya kable ya Nikon, na jicho la infraruji. D3400 wakatosha tundu, wakaacha jicho. D3500 ya 2018 wakatosha vyote viwili. Imebaki Bluetooth tu, na hiyo inaongea na telefone kwa programu ya SnapBridge.

Sikia vizuri hapa juu njo swali lako lote. Hiyo ya vipande viwili inaitwa bila kable juu wewe na aparei hamuna kable katikati, lakini kile kipande kinachokaa juu ya aparei kiko na kakable kafupi, na kale kakable kanaingia mu tundu lile lile la MC-DC2. Hakuna tundu, hakuna kazi. Na ya infraruji ya LushiKwetu utaifinya mpaka kidole kiume, aparei haina jicho la kuiona. Kwa hiyo kable hapana, bila kable hapana.

LushiKwetu
Heee. Mimi nilijua Nikon ni Nikon.

MutotoWaHimbi
Fundi nakuheshimu lakini mwenye kuuza aliniambia inaingia kwa Nikon zote, na yeye anauza vitu hivi miaka mingi pale mjini, hawezi kuniambia tu. Nimekwisha kumpa nusu ya bei aniwekee, juu kuko mtu mwingine alikuwa anaitaka. Na kusema kweli nimefikiri sana mbele ya kutoa ile franga, si vile niliamka tu asubuhi. Foto yangu bora mpaka leo ni ile lampe nyingi sana chini na mwezi mkubwa unatoka upande wa Gisenyi, kule Rwanda, unaweka njia ya manjano juu ya maji, na hiyo foto ni flu! Kama ningekuwa na deklanshere ile usiku ingekuwa ya kutundika kwa ukuta. Njo maana nina haraka.

Kijana_Majengo
Funga kamba kwa buto, ulale, uvute ukiwa kitandani 😂

MamaHarusi_Bkv
Kwa hiyo franga ulikwisha kutoa halafu njo unakuja kuomba ushauri? Hapa kwetu mtu anaomba ushauri wa ndoa mahari ikiwa imekwisha kuliwa.

NdoshoMwenyeMacho
Samahani wote, mimi nasema hii ni bongo, uongo mtupu. Someni vizuri. Huyu anasema lampe za wavuvi NYINGI na mwezi MKUBWA foto moja. Mtu yeyote wa Goma anajua mwezi ukiwa mzima wavuvi wa lampe hawatokaki, juu sambaza wanafuata mwanga, na mwezi ukiangaza ziwa lote lampe haina kitu ya kuwavuta. Usiku ule ziwa linakuwaka tupu. Cha pili, "mwekundu wa volkano": Nyiragongo ilimwaga ziwa lake la lava tarehe 22/5/2021, wote tulikimbia ile usiku, wengine Sake, wengine Gisenyi, mwekundu gani wa kupiga kutoka Himbi? Cha tatu, alificha namba ya aparei mpaka alifinywa. Kwa mimi huyu njo mwenyewe mwenye kuuza hizo deklanshere, anataka tuseme ni nzuri kisha alete namba yake ya telefone.

TchukuduMbio
Eee. Hapo kwa mwezi amekamata kitu.

MuzeeKatindo
Nilisema tangu mwanzo kuko kitu. Mtoto asiyesema ukweli kwa kitu kidogo...

Kijana_Majengo
Leta foto tuione, moja tu.

MutotoWaHimbi
Mimi si mwenye kuuza. Foto siwezi kuweka hapa juu inaonyesha parsele ya yaya yangu na majirani, na mnajua wakati tuliomo. Lakini niliona nilichoona. Namba ya aparei sikuficha, sikujua inasaidia nini.

BintiMvuvi_Kituku
Niruhusuni nisaidie huyu. Baba yangu na kaka zangu wote ni watu wa ekipe, ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja na miti mirefu, lampe katikati, wavu chini. NdoshoMwenyeMacho uko na haki kwa siku ya mwezi mzima yenyewe, ile siku watu wanabaki nyumbani wanashona nyavu. Lakini kisha pale mwezi unachelewaka kutoka, kila siku karibu dakika 50. Siku ya tatu unatoka kwenda saa tatu ya usiku, na jua linaingia saa kumi na mbili. Kati ya pale kuko giza ya kutosha, kwa hiyo ekipe zinatoka mapema, zinawasha, zinavuta mbio mbio, na mwezi ukichungulia Gisenyi zingine ziko bado juu ya maji zinamaliza. Bado ni mkubwa, mtu wa juu ya baraza ataona ni mzima. Mimi nikiwa mdogo njo saa tuliyosikiaka nyimbo zao zinarudi, juu wanapiga kasia wakiimba, na mama alikuwa anaanza kuwasha moto. Foto yake ni ya kweli kabisa, na amesema mwenyewe mwezi umeanza kupungua.

FundiAparei
Na mwekundu si lazima Nyiragongo. Nyamulagira iko pale nyuma yake, kushoto ukiangalia toka mjini, nayo inapakaaka mawingu rangi.

NdoshoMwenyeMacho
Sawa. Binti umenifundisha. Namba ya telefone bado naingojea.

MutotoWaHimbi
Dada aksanti sana, Mungu akubariki. Sasa fundi, nifanye nini? Nusu ya franga iko kule.

FundiAparei
Mwambie mwenye kuuza akuonyeshe inaingia wapi kwa aparei yako, mbele ya macho yako, usibishane. Akishindwa, omba ile nusu ihesabiwe kwa kitu kingine, trepie nzito kwa mfano. Hauna haja ya kununua kitu ili uache kugusa buto. Weka ritardatere ya sekunde 2, finya, tosha mkono, aparei inatulia kisha inapiga yenyewe. Mpaka sekunde 30 aparei inajihesabia, na kwa volkano na muji sekunde 30 inatosha sana. Deklanshere inakuwa ya lazima ukitaka kupita pale, poze B, ile aparei inabaki wazi muda unaotaka, dakika mbili, dakika tano. Kwa nyota hauhitaji, kwa 18 mm kisha sekunde 20 hivi zinaanza kuvuta mkia.

Zima VR, kale ka kuzuia mtikisiko, juu ya trepie inatafuta mtikisiko isioupata na inauleta yenyewe. Kama 18-55 yako ni ile AF-P haina kabuto pembeni, ingia mu meni. Foka, ile ya kufanya foto iwe safi, pia toa kwa otomatiki, gizani inazunguka tu, kuza lampe moja kwa ekrani uzungushe na mkono mpaka iwe kadoti. Na baraza ya gorofa, mtu akitembea ndani trepie inasikia, omba yaya yako watoto walale kwanza.

Lakini ile foto yako ya lampe mimi nafikiri haukutikisa wewe. Mtumbwi uko juu ya maji, unapanda unashuka, unasogea. Hata ungekuwa na deklanshere ya dola 200, sekunde 10 kwa mtumbwi ni mistari tu. Kuza ile foto, angalia taa za Gisenyi kando ya ziwa. Kama zimetulia na lampe njo zimevuta, deklanshere haina kosa wala dawa pale. Unahitaji kufupisha muda, nusu sekunde ao chini, panda ISO, nguvu ya aparei kuona gizani, 3200 hata 6400, na objektifu inayofunguka, ile 35 mm f/1.8.

BintiMvuvi_Kituku
Na siku ya mawimbi ya kutoka kusini usijisumbue, hata baba alikuwa anashika mti wa katikati na mikono miwili.

MutotoWaHimbi
Nimekuza. Taa za Gisenyi zimetulia. Lampe zimevuta zote, na kila moja kivyake.

Nitaenda kesho kwa yule mwenye kuuza na aparei mkononi. Akibadilisha na trepie sawa. Akikataa nitaikamata tu hiyo deklanshere, juu yaya yangu mwingine alisema ataniachia D5300 yake akinunua ingine, na hapo nitakuwa na tundu.

MamaHarusi_Bkv
Huyu deklanshere yake atainunua tu.

LushiKwetu
Fundi, hiyo D5300 yeye jicho iko nayo?

FundiAparei
Iko nayo, na tundu pia. MutotoWaHimbi, kesho mbele ya kwenda piga leo usiku nusu sekunde ISO 6400, ile unayo tayari, kisha uje utuambie lampe zimekuwaje.